Nani Atamuuliza Mtoaji? Wakfu, Sadaka na Haki ya Mnyonge

(Mhadhara kwa vijana, umepangwa upya kwa ajili ya wasomaji wa toleo hili la Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata njia yao mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, dada yangu msomaji, huu ni mwezi wa kutoa. Pita mtaa wowote wa Waislamu, Mombasa au Garissa, Eastleigh au Kibra, utaona magunia ya mchele yakishushwa, katoni za tende, mafuta na sukari. Allah awalipe kheri wote wanaotoa, na sikuja hapa kumvunja moyo hata mmoja wao. Lakini nataka leo tuulize swali ambalo huwa tunaliogopa. Tumezoea kwamba anayepewa hupokea, hushukuru, kisha hunyamaza. Sasa yule mtoaji naye, nani atamuuliza?

Nikisema mtoaji simkusudii yule jirani anayekuletea sahani ya viazi karai kabla ya adhana. Nakusudia taasisi: wakfu zetu za Kiislamu, kamati za zaka, mashirika ya hisani, na zile taasisi kubwa za ng'ambo ambazo kwa Kiswahili cha magazeti nazo huitwa wakfu. Zote hizi zimeshika mali kwa jina la mnyonge. Na aliyeshika mali kwa jina la mtu, huyo mtu ana haki ya kumuuliza.

Chakula kinatosha?

Hebu chukua mfano. Mama mjane amepewa furushi la chakula tarehe kumi Ramadhani. Amepigwa picha nalo, amesema ahsanteni. Shawwal inaingia, anakuja mtu na karatasi, anamwambia kiwanja alichozikwa baba wa mumewe, na mume akazaliwa hapo, si chake. Huyu mama sasa anahitaji wakili. Anahitaji mtu wa kumtafutia rekodi katika ofisi ya ardhi. Anahitaji nauli ya kwenda mahakamani mara kumi na tano, maana kesi zetu zinaahirishwa kama mechi za mvua. Anarudi kwa kamati ile ile iliyompa mchele. Anaambiwa, "Mama, hilo si letu. Sisi ni watu wa chakula."

Jamani, ni nani aliyesema hilo si letu?

Fungua Suratut Tawba aya ya 60, ile inayotaja mafungu manane ya wanaostahili zaka. Sote tuliihifadhi madrasa. Mafukara wapo na masikini wapo. Lakini humo humo wamo watumwa wanaotafuta kujikomboa, na wamo waliozamishwa na madeni. Yaani Mola wetu ametenga fungu katika nguzo ya dini, si la kumlisha mtumwa ashibe aendelee kuwa mtumwa, bali la kumtoa utumwani. Kisha soma Suratul Balad, pale inapoelezwa ile njia nzito ya mlimani. Kitu cha kwanza kutajwa ni kuikomboa shingo ya mtu. Kulisha siku ya njaa kunafuata baada yake. Vyote viwili vipo, hakuna kinachofuta kingine. Lakini sisi tumekichukua cha pili, tukakiacha cha kwanza kwenye msahafu.

Kwa hivyo mtu akikwambia kufadhili harakati za kutetea haki ni mambo ya wazungu, mwambie arudi chuoni.

Karamu katika nyumba ya Ibn Jud'an

Kuna kisa ambacho kinanifundisha sana katika jambo hili. Kabla ya kupewa utume, bwana wetu Muhammad (S.A.W.) alihudhuria mapatano mjini Makka yaliyoitwa Hilful Fudhul. Mfanyabiashara mmoja mgeni kutoka Zabid aliuza bidhaa yake kwa Al-As bin Wail, kigogo wa Makureshi, na yule kigogo akakataa kumlipa. Mgeni hana ukoo Makka, hana wa kumsemea. Akapaza sauti mbele ya watu karibu na Al-Kaaba. Wakakusanyika baadhi ya koo katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, tajiri aliyekuwa maarufu kwa kulisha watu, akawaandalia chakula, wakaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Wakaenda, wakamtoa yule mgeni haki yake mikononi mwa Al-As. Na baadaye, katika Uislamu, Mtume (S.A.W.) alisema kwamba lau angeitwa kwenye mapatano kama yale, angeitikia.

Tazama mambo matatu hapa. La kwanza, tajiri alitoa nyumba yake na chakula chake kwa ajili ya haki, si kwa ajili ya shibe peke yake. La pili, Ibn Jud'an hakuwa Muislamu, na hilo halikumzuia Mtume kulisifu lile jambo. Kwa hivyo wale wanaosema kila senti ya asiyekuwa Muislamu ni mtego, watulie kidogo. La tatu, na hili ndilo kubwa: yaliyosemwa katika kile kiapo yalitoka kwenye shida ya aliyedhulumiwa. Hatukusimuliwa kwamba mwenye nyumba aliwaambia, "Karibuni mle, lakini Al-As ni rafiki yangu, basi tuzungumzie mambo mengine."

Hilo la tatu ndilo linalokosekana siku hizi.

Maswali mawili ya Kiyama, na moja la duniani

Tumefundishwa katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwamba mja hatasogeza miguu yake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe mambo kadhaa. Katika kila jambo huulizwa swali moja, kama vile umri wake na elimu yake. Ikifika mali, maswali ni mawili: aliipata wapi, na aliitumia katika nini. Basi tuwaulize watoaji wakubwa maswali hayo hayo wakingali hapa duniani, iwe rahisi kwao huko mbele.

Aliipata wapi? Sheria ya kodi ya Marekani inazitaka taasisi binafsi za hisani zitoe takriban asilimia 5 ya thamani ya mali yao kila mwaka. Ile nyingine hubaki ikizalishwa katika hisa na dhamana. Sasa mwaka 2007 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha uchunguzi kuhusu wakfu wa Bill na Melinda Gates. Huku wakfu ulikuwa unalipia chanjo za watoto katika eneo la Niger Delta kule Nigeria, huku ulikuwa na hisa katika kampuni za mafuta zilizokuwa zikichoma gesi katika eneo lilo hilo. Yaani mkono wa kulia unampa mtoto dawa ya kifua, wa kushoto unavuna faida ya moshi. Baada ya watu kuuliza maswali ya namna hii kwa miaka, baadhi ya watoaji walianza kubadilika. Mwaka 2014 wakfu wa Rockefeller Brothers Fund, ambao asili ya utajiri wake ni mafuta, ulitangaza kuondoa mali yake katika kampuni za makaa ya mawe na mafuta. Kumbe kuuliza kunasaidia.

Aliitumia katika nini? Hapa tuwape haki yao. Taasisi hizo za Marekani hupeleka kila mwaka fomu kwa mamlaka ya kodi, inaitwa 990-PF, inayotaja nani kapewa na kapewa kiasi gani. Fomu hiyo iko wazi. Mwanafunzi wa chuo mwenye simu na bando anaweza kuisoma akiwa amelala kitandani. Je, hesabu za wakfu wa msikiti wa mtaani kwenu unaweza kuzisoma wapi?

Na swali la duniani ni hili: nani aliyeamua? Hapa wacha niwape kisa cha Marekani. Mnamo 1922 kijana tajiri aitwaye Charles Garland alitoa urithi wake, ukaanzishwa mfuko wa kusaidia harakati za wafanyakazi na za haki. Wakati ule jumuiya ya NAACP, iliyokuwa ikitetea watu weusi, vita vyake vikubwa vilikuwa dhidi ya magenge ya wazungu yaliyowanyonga watu weusi hadharani. Msomi Megan Ming Francis, katika utafiti aliouchapisha 2019, anaonyesha jinsi fedha za mfuko huo zilivyosaidia kuisogeza NAACP kutoka kwenye suala la mauaji hadi kwenye suala la ubaguzi katika elimu. Njia hiyo ya elimu ilizaa matunda makubwa, ile hukumu ya mwaka 1954 iliyoharamisha kutenganisha shule kwa rangi. Hakuna anayeikataa. Lakini yule aliyekuwa akiogopa kunyongwa usiku, yeye alitaka nini kitangulie? Na kama wenye fedha hawakuwa maadui bali marafiki wa kweli, na bado waliweza kugeuza njia ya safari, itakuwaje kwa mtoaji asiyekujua hata jina?

Ruzuku ya mwaka, kesi ya miaka tisa

Turudi nyumbani pwani. Lamu, mji uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, ulipangiwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, wa megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa 2016. Wavuvi, wakulima na wazee wa Lamu kupitia Save Lamu wakaipinga mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa kikweli. Kampuni ikakata rufaa. Mpaka 2025 ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Malindi ilipouthibitisha uamuzi ule.

Hesabu mwenyewe: kutoka 2016 hadi 2025 ni miaka tisa. Sasa uliza ruzuku nyingi zinazopewa vikundi vya mitaani ni za muda gani. Miezi kumi na miwili. Wakati mwingine sita. Mwezi wa tatu unaandika ripoti, mwezi wa sita unaandika ripoti, mwezi wa tisa unatafuta mfadhili mwingine. Na mwaka unaofuata mtoaji amebadilisha mada: jana ilikuwa ardhi, leo ni tabianchi, kesho itakuwa akili bandia. Lakini dhuluma haibadilishi mada. Yule aliyechukua kiwanja cha yatima yuko pale pale, na wakili wake analipwa kila mwezi.

Hili ndilo la kumuwajibisha mtoaji. Akijitangaza kwamba anafadhili haki, basi afadhili kwa urefu wa haki, si kwa urefu wa bajeti yake. Kumpandisha mnyonge ngazi kisha ukaiondoa ngazi akiwa katikati, hiyo si sadaka.

Kuuliza si kutisha

Hapa ndugu msomaji tuwe macho, maana kuna maswali ya aina mbili.

Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo visivyopungua 60 katika maandamano yale. Mwezi wa Julai Rais alilitaja hadharani shirika la Ford Foundation kwamba linafadhili fujo, na Wizara ya Mambo ya Nje ikaliandikia barua ikitaka lieleze ruzuku lilizoyapa mashirika kadhaa ya hapa nchini. Ford Foundation ikajibu kwamba haikufadhili maandamano hayo.

Je, serikali kuuliza fedha za ng'ambo zimekwenda wapi ni makosa? Hapana. Hata mimi nauliza. Lakini angalia swali limeulizwa lini na kwa nia gani. Mama anayemlilia mwanawe anauliza, "Nani kampiga risasi mwanangu?" Anajibiwa, "Nani kakulipia nauli ya kuja kuandamana?" Hilo ni swali la kufunika swali.

Na sisi Waislamu wa Kenya jambo hili tunalijua vizuri kuliko wengi. Baada ya mabomu ya Agosti 1998, mashirika kadhaa ya hisani ya Kiislamu yalitangaziwa kufutwa usajili. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, ambamo waliuawa watu 148, Allah awape subira familia zao, akaunti za HAKI Africa na MUHURI zilifungwa. Hao walikuwa ndio wanaowatetea vijana wetu waliokuwa wakipotea na kuuawa bila kufikishwa mahakamani. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema haikuonyeshwa kwamba mashirika hayo yana uhusiano na ugaidi, na ikaamuru akaunti zifunguliwe. Lakini miezi yote ile kazi ya watu ilikuwa imesimama.

Tofauti basi ni hii. Swali la uwajibikaji humtaka mtoaji atimize aliyoyaahidi kwa mnyonge. Swali la vitisho humtaka mtoaji amwache mnyonge peke yake. La kwanza tuliulize kila siku. La pili tulikatae hata kama anayetishwa si mwenzetu. Tuna sheria: ile Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyokaa zaidi ya miaka kumi bila kutumika mpaka Mei 2024. Kwa hesabu za mashirika tupitie sheria, tusipitie majukwaa ya siasa.

Mali bila daftari

Sasa tumalize na sisi wenyewe, maana kunyooshea kidole New York ni rahisi.

Kenya imekuwa na sheria ya wakfu tangu 1900, ikaja ya 1951, na sasa ipo Sheria ya Wakfu ya 2022. Wazee wetu wa pwani waliweka wakfu majumba, mashamba na maduka. Asili ya jambo ni ile ardhi ya Sayyidna Umar (R.A.) kule Khaybar. Alishauriwa na Mtume (S.A.W.) aizuie asili yake na atoe mazao yake: haiuzwi, haipeanwi, hairithiwi. Na msimamizi aliruhusiwa kula kwa kiasi cha wema, bila kujilimbikizia. Masharti yaliwekwa tangu siku ya kwanza. Si kwamba Umar hakuaminika. Ni kwamba amana inawekewa mipaka hata ikiwa mikononi mwa Umar.

Na mnakijua kisa cha Ibnul Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporudi akasema hiki ni chenu, na hiki mimi nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akapanda mimbari, akauliza mbele ya watu wote: kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama ataletewa zawadi? Mimbari, ndugu zangu! Hesabu ya mali ya umma ilisemwa juu ya mimbari. Leo ukiuliza hesabu msikitini unaambiwa unaleta fitna.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana wameonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2024 dada yetu Hanifa Adan, mwandishi wa habari, alichangisha kwa simu takriban shilingi milioni 30 kwa ajili ya majeruhi wa maandamano na familia za waliokufa, na akaeleza hadharani namna zilivyogawanywa. Watu walimuuliza maswali makali, naye akajibu. Hakusema, "Niacheni, mimi nafanya kheri." Kama pesa za watu wasiojuana zinaweza kuhesabiwa hivyo, itakuwaje mfuko wa msikiti mmoja ushindikane?

Basi nakuachia kazi, wewe unayesoma. Kabla ya Idd, muendee kwa adabu msimamizi wa wakfu au kamati iliyo karibu nawe. Salimu, kaa chini, muulize haya:

1. Mwaka huu zimeingia ngapi na zimetoka ngapi, na karatasi iko wapi ya kubandikwa ubaoni msikitini?

2. Katika kila shilingi mia ya chakula, ni ngapi zimetengwa kwa wakili, kwa ada ya mahakama, kwa kumtetea aliyedhulumiwa?

3. Wanaopokea, yaani wajane, walemavu na vijana, nani kati yao anakaa katika kikao cha kuamua?

4. Tukianza kumtetea mtu, tumejipanga kukaa naye mpaka mwisho au mpaka Shawwal?

5. Zile picha za wanaopokea, ni lazima? Suratul Baqara aya ya 264 inatukataza kuibatilisha sadaka kwa masimango na udhia. Mtoto wa yule mama ataiona picha ile darasani.

Na kama wewe ni katika wale walio kwenye vikundi vinavyopokea ruzuku kutoka ng'ambo, maswali hayo hayo muulize mfadhili wako. Usiogope. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki yake mojawapo ni kuuliza.

Mtu atasema, "Kijana, watoaji watakimbia ukiwauliza hivi." Nami nasema, aliyetoa kwa ajili ya Allah amejiandaa kuulizwa na Allah, basi hatashindwa kuulizwa na mimi na wewe. Na anayekimbia kwa sababu ameulizwa, ni heri tumjue mapema kabla hatujamtegemea.

Ewe Mola, zikubali funga zetu na sadaka zetu. Wape wasimamizi wetu uaminifu, wape matajiri wetu moyo wa kusimama na aliyedhulumiwa, na usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaolisha kwa mkono mmoja na kunyamazia dhuluma kwa mwingine. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.